Ncha Mbili Zisizofanana

Katika Kiswahili, neno ncha hutumika kwa kisu, sindano, kalamu na mkuki, yaani kwa kitu kinachopungua upana hadi kuishia mahali pakali, na huenda ndiyo sababu msomaji anayekutana mara ya kwanza na istilahi Ncha ya Kaskazini na Ncha ya Kusini hudhani kwamba Dunia nayo imechongoka mahali fulani. Hali ni kinyume kabisa, kwani mzunguko wa kila siku huitanua Dunia katikati na kuibonyeza kidogo nchani, hivi kwamba kutoka kiini hadi usawa wa bahari kuna kilomita 6,378 kwenye ikweta na kilomita 6,357 kwenye ncha. Kinachoitwa ncha ni kila moja ya sehemu mbili ambapo mhimili, yaani mstari wa kuwazika ambao Dunia huuzunguka, hutokeza kwenye uso wa Dunia. Mkazi wa Nanyuki, mji uliopitiwa na ikweta, hubebwa na mzunguko huo kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa bila kuhisi lolote, ilhali aliyesimama nchani hageuzwi ila pale pale alipo, mara moja tu kwa siku nzima.

Lugha yenyewe haikuyapata majina ya pande hizo kutoka nchani. Kaskazini ni upande unakotoka kaskazi, upepo wa msimu unaovuma pwani kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, na kusini ni upande wa kusi, ambao hushika zamu baada ya hapo. Mabaharia wa Lamu na Unguja walihitaji pepo za kuendeshea majahazi, wala barafu haikuwahusu. Hata hivyo, jinsi majina hayo yanavyokwenda sambamba ndiko kunakozaa kosa kubwa kuliko yote, la kudhani kwamba ncha hizi ni pacha.

Ncha ya Kaskazini iko baharini. Chini ya barafu yenye unene wa mita mbili au tatu hivi, ambayo si kitu ila maji ya bahari yaliyoganda, kuna Bahari ya Aktiki yenye kina cha zaidi ya mita 4,000, na nchi kavu iliyo karibu zaidi, kwenye pwani ya kaskazini ya Greenland, iko umbali wa takriban kilomita 700. Nyambizi ya Marekani iitwayo Nautilus ilipita chini ya ncha hiyo tarehe 3 Agosti 1958, na nyingine, Skate, ikatoboa barafu na kuibuka hapo hapo mwezi Machi 1959. Barafu hiyo haitulii, bali huchukuliwa na upepo na mikondo ya maji, kiasi kwamba anayechomeka bendera nchani asubuhi anaweza kuikuta kesho yake imesogea kilomita kadhaa. Warusi walipotaka kuweka alama ya kudumu mwaka 2007, iliwabidi washuke kwa vyombo vya kuzamia hadi kwenye sakafu ya bahari na kuisimamisha bendera huko, ingawa kisheria haikuwapa hata shubiri moja ya eneo.

Ncha ya Kusini iko ndani ya bara la Antaktika, lenye eneo la takriban kilomita za mraba milioni 14, na anayefika hapo husimama mita 2,835 juu ya usawa wa bahari, ambapo karibu kimo hicho chote ni barafu iliyorundikana kutokana na theluji ya maelfu kwa maelfu ya miaka. Mnorwe Roald Amundsen alifika hapo tarehe 14 Desemba 1911, Mwingereza Robert Scott akamfuata zaidi ya mwezi mmoja baadaye na kufa njiani wakati wa kurudi, na kituo cha utafiti kilichojengwa na Marekani mwaka 1956 kinabeba majina ya wote wawili. Nje ya kituo hicho kuna nguzo fupi inayoonyesha ncha yenyewe. Kwa kuwa barafu yote ya hapo huteleza polepole, takriban mita 10 kwa mwaka, ikibeba majengo na nguzo kwa pamoja, wapimaji hupima upya na kusimika nguzo nyingine kila tarehe 1 Januari. Saa za kituo hufuata za New Zealand, kwa sababu tu ndege za kupeleka watu na mahitaji hupangiwa safari kutoka huko. Pale ambapo mistari yote ya longitudo hukutana, saa ya nchi yoyote ingefaa.

Tofauti hiyo ya bahari na bara ndiyo inayoamua baridi. Maji yaliyo chini ya barafu ya kaskazini hayashuki chini ya takriban nyuzi −2 za selsiasi, nayo huvujisha joto lake kupitia barafu, hivyo hewa ya hapo hukaribia nyuzi 0 katikati ya mwaka, ilhali wastani wa majira ya baridi kwenye Ncha ya Kusini ni karibu nyuzi −60. Wapo wanaodai kwamba nchani ni baridi kwa sababu ni mbali na Jua, lakini kilomita elfu chache si kitu mbele ya milioni 150, na isitoshe Dunia hulikaribia Jua zaidi mwanzoni mwa Januari, wakati ambapo upande wa kusini ndio ulioligeukia. Sababu ni mwinamo wa miale. Jua la nchani halipandi kamwe zaidi ya nyuzi 23.4 juu ya upeo wa macho, takriban kimo cha jua la Dar es Salaam saa mbili asubuhi, kwa hiyo miale yake hutawanyika juu ya eneo kubwa. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba tarehe 21 Juni, kwa kuwa halizami, angahewa ya juu ya Ncha ya Kaskazini hupokea nishati nyingi zaidi kwa saa 24 kuliko ile ya ikweta. Ila weupe wa barafu huirudisha angani sehemu kubwa ya nishati hiyo.

Usemi kwamba huko kuna miezi sita ya giza nao unahitaji kurekebishwa. Jua huchomoza mara moja na kuzama mara moja kwa mwaka, hilo ni kweli, lakini baada ya kuzama huzunguka kwa wiki nyingi chini kidogo ya upeo wa macho na kuacha weupe kama wa alfajiri, hivyo giza totoro hudumu wiki 11 hivi.

Dira nayo huwapotosha wengi, kwani sindano yake haielekei ncha ya mhimili bali ncha ya usumaku, mahali ambapo nguvu ya sumaku ya Dunia huelekea wima ardhini na sindano iliyoachiwa huru husimama kichwa chini. James Clark Ross alipaona mahali hapo tarehe 1 Juni 1831 kwenye rasi ya Boothia, kaskazini mwa Kanada. Asili ya usumaku huo ni mwendo wa chuma kilichoyeyuka ndani ya Dunia, na kwa kuwa mwendo hubadilika, ncha hiyo imehama kuelekea Siberia, ikafikia mwanzoni mwa karne hii kasi ya zaidi ya kilomita 50 kwa mwaka. Mwenzake wa kusini hayuko tena hata barani, kwani leo yuko baharini, nje ya pwani ya Antaktika.

Kwenye Ncha ya Kusini kila upande ni kaskazini, na anayetaka kuswali hapo hawezi kuambiwa tu aelekee kaskazini, bali hana budi kuchagua longitudo ya Makka, ambayo ni takriban digrii 39.8 mashariki. Mstari huo hupita karibu sana na Pemba na Mombasa, na ndiyo maana kibla cha Mombasa ni kaskazini karibu moja kwa moja.

Mengi ya makosa haya hutokana na ramani ya ukutani. Ramani ya mtindo wa Mercator, iliyobuniwa mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, haiwezi kuonyesha ncha hata moja, kwa sababu kadiri inavyozikaribia ndivyo inavyotanua nchi bila kikomo, na Antaktika hugeuka ukanda mweupe uliotandazwa chini ya mabara yote. Kutoka hapo si mbali kufikia uvumi wa mitandaoni kwamba Dunia imezungushiwa ukuta wa barafu, wakati bara hilo lilivukwa kutoka pwani hadi pwani kupitia nchani katika msimu wa 1957 na 1958. Tufe ni bora zaidi, ila mara nyingi parafujo na mkono wake wa chuma huziba ncha zote mbili. Mwalimu mwenye tufe linalochomoka alitoe kwenye kishikio chake, na kuwapa wanafunzi walitazame kwa juu, kisha kwa chini.