Meza ya kusomea ya mtindo wa miaka ya 1950, kwa mbao za kwetu

Mwenzetu mmoja alimulipa fundi amutengenezee meza ya kuandikia TFC yake. Kalitusi nzito, verni inangaa. Miezi mitatu haijaisha, ubao wa juu ukapasuka katikati, paa! Wote wakamulaumu fundi. Mimi naona mbao ilikuwa mbichi, na zaidi ya yote hakukuwa mchoro.

Kuna mtindo unaotufaa: ule wa Denmark na Marekani kisha Vita ya Pili mpaka miaka ya 1960, wakati wa akina Hans Wegner na Finn Juhl. Ubao wa juu mwembamba, miguu inayopungua kwenda chini na kutawanyika kidogo, droo moja ao mbili, basi. Hakuna mapambo, rangi ya mbao yenyewe njo pambo. Wadenmark walipenda teki. Waingereza walitumia sana afrormosia, mti wa Afrika unaoota hata kwetu Tshopo. Usiutafute: tangu 1992 biashara yake ya kimataifa inachungwa na mkataba wa CITES. Grevilea ya kwenye mipaka ya mashamba inatosha. Ni nyepesi, inakubali randa, na ina madoadoa mazuri ambayo watu wanayafunika na rangi, sijui juu ya nini.

Sasa, ile paa! ilitoka wapi? Mbao inavimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa jua, lakini kwa upana tu. Urefu haubadiliki karibu hata kidogo. Ukipigilia misumari pande zote, mbao inakosa fasi ya kusogea, inapasuka. Mwambie fundi atoboe matundu marefu kama yai kwenye fremu, visi zipite mule kutoka chini. Kiisha ubao unaweza kuteleza bila kuumia.

Na mbao ikauke. Hesabu ya mafundi wa zamani: unene wa 2.5 cm, karibu mwaka mmoja kivulini, na vijiti kati ya mbao na mbao. Kwa baridi na mvua ya Masisi, usikate mwaka ule. Kama hauna mwaka, tafuta mbao za nyumba iliyobomolewa. Zitakuwa na matundu ya misumari, haizuru.

Vipimo: urefu 120 cm, upana 60, kimo 75, unene wa juu 2.5. Ubao wa juu uunganishwe na vipande vyembamba vya 10 cm kwa kole. Ubao mmoja mpana unajikunja haraka. Mguu uanze na 4.5 cm, umalizike na 2.5. Acha 60 cm za magoti chini ya droo.

Kitu ninachosisitiza ni miguu kufunguka. Hapa kwetu meza isiyofunguka ni meza ya kuachwa. Sote tunajua ginsi familia zinatoka usiku na godoro kichwani. Mwaka 1956, Gillis Lundgren wa IKEA alitoa miguu ya meza ya Lövet ili iingie ndani ya gari. Yeye alikosa fasi ya gari tu! Kwetu: miguu miwili ya kila upande iunganishwe kwa ulimi na tundu, kiisha pande mbili zishikwe na miti miwili mirefu kwa buloni za milimita 8. Ufunguo namba 13 na tournevis moja, unabaki na vipande vitano na droo. Pikipiki inabeba.

Verni iwe nyembamba, mara mbili, na chini ya meza pia, kwa sababu unyevu unaingia popote palipo wazi. Mawese apana: hayakauki, yatachafua makaratasi.

Mbele ya kwenda kwa fundi, chora mguu mmoja kwa ukubwa wake wa kweli juu ya karatoni, ukate na makasi. Umupelekee karatoni ile, si picha ya kwenye simu.