Gari Lako Litastahimili Dakika Ishirini?

Kijana mmoja aliniletea Impreza WRX ya mwaka 2004, buluu, ringi za dhahabu, ekzosi pana inayoweza kumeza ngumi. Alikuwa ameshatumia fedha nyingi: turbo kubwa kuliko ya kiwandani, intakula mpya, programu ya injini iliyoandikwa upya. “Fundi, Jumapili ya wiki ijayo naenda kukimbiza kwenye lami,” akaniambia. “Niangalizie tu kama kuna nati imelegea.”

Nilifungua boneti, nikafungua kikopo cha mafuta ya breki. Mafuta yalikuwa meusi kama chai ya mkandaa iliyolala usiku kucha. Nikamuuliza yalibadilishwa lini. Hakujua kwamba hubadilishwa.

Simlaumu. Gari likiitwa la mbio, watu wote huuliza lina farasi wangapi. Tangu Colin McRae alipoishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, jina la Subaru limekaa mioyoni mwa vijana wetu, na mlio wa injini ile unajulikana hadi kwa watoto wa chekechea. Lakini mashindano ya kujifurahisha kwenye mzunguko wa lami, ambako mwenye gari la kwenda kazini anaruhusiwa kulikimbiza bila kuwa dereva wa kulipwa, hayaliui gari kwa kukosa nguvu. Hulichosha kwa joto. Nimefungua injini za kutosha kulisema hilo bila kusita: kila shilingi inayokwenda kwenye nguvu kabla ya kushughulikia joto ni shilingi ya kununua hasara.

Barabarani, hata dereva mwenye haraka hukanyaga breki kwa nguvu mara chache, kisha kilomita nzima hupita gari likipumua. Kwenye mzunguko hakuna kupumua. Chukua Tsukuba, uwanja mdogo wa mkoa wa Ibaraki nchini Japani, huko huko yanakotoka magari yetu mengi. Ulifunguliwa mwaka 1970, na kwa miaka mingi wenye magari ya kawaida yaliyoboreshwa wamekuwa wakienda kupima muda wao hapo. Mzunguko una kilomita 2.045 tu. Gari la barabarani lililoandaliwa vizuri huumaliza kwa dakika moja na sekunde kadhaa, na katika muda huo mfupi dereva hukanyaga breki kwa nguvu kama mara nne.

Tupige hesabu. Gari la kilo 1,400, dereva akiwa ndani, likishuka kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 60, linatoa nishati ya takriban megajuli 1.2. Hiyo inatosha kuchemsha zaidi ya lita tatu za maji yaliyotoka bombani. Kona moja, sufuria moja. Si kila kona ina mwendo huo, kwa hiyo tuseme wastani ni nusu yake. Mizunguko kumi na minane, breki nne kwa kila mzunguko: umekanyaga mara 72. Ndani ya dakika ishirini umezalisha joto la kuchemsha zaidi ya lita mia moja za maji, na sehemu kubwa imepitia kwenye diski mbili za mbele. Hakuna anayekimbia na pipa la maji ya moto, ila diski, pedi na mafuta ya breki vimelibeba.

Sasa rudi kwenye kile kikopo. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, polepole, hata mfumo ukiwa umefungwa. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230, kisha 155. DOT 5.1 ni 260, kisha 180. Yale yanayotengenezwa kwa ajili ya mashindano hupita 300 yakiwa mapya. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hubanika. Unakanyaga, kanyagio linashuka hadi sakafuni, gari linaendelea na safari yake. Onyo moja hapa: DOT 5 si ndugu wa 5.1. Ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo nyingine, usiitie kwenye gari hili hata kama muuzaji anasema namba kubwa ndiyo bora.

Dereva anapaswa kujua kutofautisha magonjwa mawili. Kanyagio likiwa laini na likizama, mafuta yamechemka. Kanyagio likiwa gumu kama kawaida lakini gari halishiki, pedi ndizo zilizozidiwa na joto. Pedi za kawaida zimetengenezwa kwa ajili ya foleni na mvua, zishike zikiwa baridi asubuhi. Za mashindano hustahimili joto maradufu, ila zikiwa baridi hushika kidogo na hupiga kelele. Anayetumia gari hilo hilo kupeleka watoto shuleni Jumatatu achague za katikati, au azibadilishe Jumamosi jioni na kuzirudisha Jumapili usiku. Kwa yule kijana tulitoa mafuta yote ya zamani, tukatoa hewa kalipa moja baada ya nyingine hadi mafuta yakaja safi bila kiputo, tukaweka pedi mpya na kuzizoesha: barabara tupu, kutoka kilomita 100 hadi 20 mara nane au kumi bila kusimama kabisa, kisha mwendo wa pole hadi zipoe. Gharama ya kazi hiyo yote haikufika hata sehemu ndogo ya bei ya turbo yake.

Na ukishatoka kukimbia, usivute breki ya mkono. Kwenye magari ambayo breki hiyo hutumia pedi, ukiivuta unaibana pedi yenye moto palepale kwenye diski yenye moto, na Jumatatu kanyagio la breki litakutetemekea. Weka gia, kisha weka jiwe chini ya gurudumu. Makanga wa matatu wanaijua kazi ya jiwe hilo kuliko sisi wote.

Matairi nayo yana siri moja ambayo wengi hawaijui. Baadhi ya magari ya Japani hufika Mombasa yakiwa bado na matairi ya majira ya theluji. Tazama ubavuni: ukiona neno STUDLESS au SNOW, hilo ndilo. Mpira wake umefanywa laini makusudi ili ushike kwenye barafu, na kwenye lami iliyopigwa na jua la Athi River hauishi. Utaona vipande vikibanduka kama ugali uliokauka kwenye mwiko. Soma pia zile tarakimu nne za mwisho karibu na herufi DOT. Ikiwa ni 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno marefu na bado likawa limezeeka.

Upepo hupanda kadiri tairi linavyopata moto. Ukijaza psi 30 asubuhi, hewa ya ndani ikafika nyuzi 80, geji itasoma karibu 37 au 38. Kwa hiyo pima mara tu unapotoka kwenye mzunguko, punguza, andika. Chora mistari ya chaki kwenye bega la tairi kabla ya kuingia. Chaki ikifutika hadi chini kabisa ubavuni, tairi linalala sana kwenye kona: ama upepo ni mdogo, ama gurudumu limesimama wima kupita kiasi. Magurudumu ya magari ya barabarani huachwa karibu wima. Kwa lami ya mashindano, kuyainamisha kwa ndani nyuzi mbili au zaidi kidogo hufanya uso wote wa tairi uguse chini gari linapolala. Hii ni kazi ya nusu siku kwa fundi wa alaimenti, na dereva ataihisi kwenye kona ya kwanza.

Nije sasa kwenye jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu ndilo linalogeuza injini nzima kuwa chuma chakavu: oili. Tairi zuri hulishika gari kwenye kona kwa nguvu inayokaribia uzito wa gari lenyewe. Nguvu hiyo ikitimia, uso wa kimiminika chochote ndani ya gari hulala kwa nyuzi 45. Shika glasi ya maji, iinamishe kiasi hicho, utaona maji yalivyokimbilia upande mmoja. Ndivyo oili inavyofanya ndani ya sampu, na kona ndefu hudumu sekunde kadhaa. Injini ya Subaru imelala, silinda mbili kushoto na mbili kulia, kwa hiyo oili hukusanyika pia kwenye kichwa cha upande wa nje na kuchelewa kurudi. Bomba la kunyonya likivuta hewa badala ya oili, hata kwa sekunde moja, beringi za krankishafti zinabaki zikisuguana chuma kwa chuma. Injini haifi siku hiyo. Inakwaruzika, kisha hufa wiki tatu baadaye, mwenyewe akienda sokoni.

Dawa ya kwanza ni ya bure: jaza oili hadi alama ya juu kabisa ya kijiti, na uipime kila unapotoka kukimbia, kwa maana injini yenye turbo hula oili ikikimbizwa. Ya pili ni oili nzito kidogo kuliko ya barabarani, kwa mfano 5W-40 badala ya 5W-30, na iwe mpya. Ya tatu ni bamba la kuzuia oili isikimbie ndani ya sampu. Anayeshusha sampu alikague pia bomba la kunyonyea, kwani kwenye injini hizi hujulikana kupasuka. Ya nne ni geji ya joto la oili, si ya maji pekee. Ikivuka nyuzi 130, punguza mwendo na utoke. Kipoza oili ni kitu kizuri, lakini bila geji hutajua kama kinahitajika.

Sisi wa nyanda za juu tuna mzigo mwingine. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari; mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 18 ukilinganisha na Mombasa, na maji kwenye sufuria wazi huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kuipa injini hewa ile ile, na hewa hiyo hutoka ikiwa na moto zaidi. Rejeta nayo inapozwa na hewa nyembamba. Programu ya injini iliyoandikwa Japani, ambako petroli ya juu hufika oktani 100, ukiiendesha kwa petroli ya kawaida ya pampu zetu, injini itaanza kugonga, na pistoni za EJ20, injini ya Impreza hii, hazisamehe kugonga. Nilimshushia kijana mgandamizo wa turbo, hakufurahi. Tukabadilisha pia kifuniko cha rejeta, kwa sababu mpira wake ulikuwa umekakamaa na ndio unaoyabana maji yasichemke. Ndani tulikuta maji ya bombani yenye kutu. Tuliosha, tukajaza kipoozeo halisi.

Mengine niyapitie haraka. Toa kila kinachoweza kuhama mahali pake: jeki, tairi la akiba, chupa ya maji, zulia la dereva. Chupa ikiingia chini ya kanyagio la breki hakuna cha kufanya. Betri ifungwe isitikisike, kizima moto kikazwe kwa bolti. Helmeti ya bodaboda haitoshi. Ya gari huwa na alama ya Snell SA, iliyopimwa pia kwa moto. Na mkanda wa mabega wa mashindano usiuweke kwenye kiti cha kawaida bila chuma cha kulinda paa. Unakufunga wima usiweze kuinama, na paa likibonyea shingo ndiyo itakayolipokea. Mkanda wa kiwandani ulio mzima ni salama kuliko nusu ya vifaa vya mashindano. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa namba iliyo kwenye kitabu cha gari, kisha zirudiwe baada ya kipindi cha kwanza.

Jumapili ilipofika kijana alikimbia vipindi vinne. Breki zilishika hadi mwisho. Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwangu kabla sijafungua, uso umeng’aa. Nikachomoa kijiti cha oili: ilikuwa imeshuka hadi alama ya chini. Alikuwa amepima baada ya kipindi cha kwanza na cha pili, basi.

Tulitoa filta, nikakata kopo lake kwa kikataji, nikaikunjua ile karatasi na kuitandaza juani kwenye gazeti. Ilikuwa nyeusi, safi kwa macho ya mbali. Nikampa sumaku na kumwambia aangalie mkunjo kwa mkunjo. Kwenye wa tisa au wa kumi akasimama. Palikuwa na chembe mbili zinazometa, ndogo kuliko punje ya chumvi. Akaisogeza sumaku juu yake, taratibu, mara mbili. Hazikuifuata. Chembe za chuma cha pua cha gia au pete zingeifuata. Zisizoifuata mara nyingi hutoka kwenye beringi.

“Sampu ishuke?” akauliza.

“Ishuke leo,” nikamwambia, nikaenda kutafuta spana.