Chuja maji kwanza, ndipo uyatibu

Mama mmoja aliniuliza swali ambalo naona linawahusu wengi: “Daktari, maji ya kisima chetu ni meupe kabisa na dawa naweka. Ya nini kuyachuja tena?” Jibu lake linaanzia mbali kidogo, baharini, hivyo nivumilie.

Ukichota maji ya bahari, ya mlango wa mto au hata ya bwawa, mara nyingi unachota pia wanyama wadogo mno waitwao kopepodi. Ni ndugu wa kamba, na wengi wao hawafiki milimita 2. Ukiwa na macho makali utaona nukta inayorukaruka, basi.

Maisha yao si rahisi. Maji hupata joto, mvua hupunguza chumvi, chakula huadimika. Joto likizidi, seli zao hutengeneza protini maalumu za kulinda protini nyingine zisiharibike, na mwili wako nao unazo za aina hiyo. Hali ikiwa mbaya zaidi, baadhi yao hutaga mayai yenye ganda gumu ambayo huzama kwenye tope na kusubiri, pengine kwa miaka mingi.

Juu ya mgongo wa mnyama huyu mvumilivu ndipo bakteria wa kipindupindu hupenda kupanda. Hujishikiza kwenye gamba lake na kulifanya chakula. Kopepodi mmoja anaweza kubeba maelfu ya bakteria. Bakteria naye ana mbinu yake: maji yakipoa au chakula kikiisha, hujikunyata na kuacha kuzaliana. Ukijaribu kumwotesha maabara haoti, utadhani hayupo, kumbe yu hai. Maji yakipata joto, mwani huongezeka, kopepodi wanaoula huongezeka, naye huamka. Watafiti wamelihusisha joto la maji ya Ghuba ya Bengal na milipuko ya kipindupindu nchini Bangladesh.

Huko huko Bangladesh, mwanasayansi wa Marekani Rita Colwell na wenzake waliwafundisha akina mama wa vijiji vya Matlab kukunja sari kuukuu hadi iwe na tabaka angalau 4, kisha kuchujia maji ya kunywa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha wagonjwa wa kipindupindu walipungua kwa karibu nusu. Bakteria peke yake ni mdogo, hupenya kitambaa. Anayenaswa ni yule aliyembeba. Na kitambaa kikuukuu kilifaa kuliko kipya, kwa sababu nyuzi zilizochakaa huziba matundu vizuri zaidi.

Lakini karibu nusu si wote. Kwa hiyo baada ya kuchuja, chemsha maji mpaka yatokote, au weka dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na usubiri nusu saa. Mpangilio huo una sababu: bakteria aliyejificha kwenye gamba huvumilia dawa kuliko anayeelea peke yake, na uchafu ndani ya maji huimaliza nguvu klorini. Tumia khanga kuukuu iliyofuliwa (si ile uliyombebea mtoto asubuhi), ifue kila baada ya kuchujia na uianike juani.

Nisikutishe na kopepodi ukasahau choo. Mlipuko ukishaanza, kinachousambaza ni kinyesi cha mgonjwa kuingia kwenye maji na chakula. Nawa mikono kwa sabuni.

Mtoto akianza kuharisha majimaji yanayofanana na maji ya kuoshea mchele, usingoje kesho. Anaweza kuishiwa maji ndani ya saa chache. Macho yaliyodidimia, kulia bila machozi, kutokojoa na kulegea ni dalili za hatari. Mpe ORS kidogo kidogo mkiwa njiani kwenda kituo cha afya. Kama huna, koroga vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, kwenye lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha umpe tena polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya.