Kaka, begi lako linanikojolea!

ASIKWAMBIE mtu, kuzungusha moto kuna raha yake. Taa zinazimwa, ngoma zinaanza kuunguruma, minyororo miwili inachora duara la moto gizani na watalii wanasahau hata sahani zao. Hapo kila mmoja anataka kupiga picha na wewe. Tatizo letu vijana, tunaishia kwenye sifa. Vifaa tunavikumbuka nusu saa kabla ya shoo.

Mimi yalinikuta miaka michache iliyopita. Tulikuwa tunakwenda kupiga shoo kwenye hoteli moja ya ufukweni, Kunduchi. Ndani ya begi langu la mgongoni nilitia kila kitu: nguo, mipira yangu ya moto (wenyewe tunaiita poi, jina la Wamaori wa New Zealand) na chupa ya maji iliyojaa mafuta ya taa. Daladala limeshona ile mbaya. Kufika Mwenge, mama mmoja aliyekaa akapiga ukelele: "We kaka, begi lako linanikojolea!"

Kizibo kilikuwa kimelegea. Mafuta yametiririka kwenye kanga yake mpaka kwa mtoto aliyempakata. Na nyuma yangu kuna jamaa, sigara iko mdomoni, anajipapasa kutafuta kiberiti.

Watu walimzuia. Mimi nikashushwa na matusi juu, tena kwa haki. Mafuta ya taa yakimwagika sakafuni hayalipuki upesi kama petroli, lakini yakishanyonywa na kitambaa, kitambaa hicho ni utambi. Nilikuwa nimemfanya mtoto wa watu utambi.

Tangu siku hiyo nina sheria zangu. Mafuta sipandi nayo daladala. Nanunua karibu na pa kufanyia shoo, nayaweka kwenye kopo la chuma lenye kifuniko cha kukaza. Poi zikimaliza kazi nazizima kwa taulo bichi, nazisubiri zipoe, kisha zinaingia kwenye kopo lao. Begi ni la nguo tu. Na ukipata mwaliko wa kupanda ndege, mafuta usiyabebe kabisa, si mkononi wala kwenye mzigo wa chini. Hata poi zinazonuka mafuta zinaweza kukuachisha safari.

Nyumbani nako kuna kazi. Kabla ya kila shoo navuta mnyororo pingili kwa pingili. Pete iliyoanza kufunguka natupa, siifungi kwa waya. Kile kiungo kinachozunguka ili mnyororo usijisokote nakipangusa masizi. Halafu nazungusha kavu, bila moto, kwa nguvu zote. Kama kitu ni cha kuchomoka, kichomokee uani kwetu, kisichomokee kwenye meza ya wageni.

Tambi nzuri ni za Kevlar, uzi uliogunduliwa mwaka 1965 na mwanamama Stephanie Kwolek wa Marekani. Zinastahimili joto, lakini si za milele. Kinachotakiwa kuungua ni mafuta, kwa hiyo zima kabla hayajakauka, la sivyo moto unakula utambi wenyewe. Sisi tunaoungaunga kwa vipande vya jinsi kuukuu tujue vinakwisha upesi: vikianza kumeguka, badilisha.

Mengine mawili. Utambi wa moto usiuchovye tena kwenye mafuta kabla haujapoa. Na petroli, achana nayo kabisa: mvuke wake unatambaa chini na kuwaka hata kwenye baridi kali, wakati mafuta ya taa mpaka yafike joto la nyuzi 38 hivi.

Mama wa Mwenge, siku ile nilikupa hela ya sabuni nikaona yamekwisha. Hayajaisha. Kila nikikaza kile kifuniko, namwona mwanao.