Unene Usioonekana kwenye Mizani

Mwenye duka Mhindi wa Jinja, Uganda, anaweza kupanda mizani, akaambiwa uzito wake ni wa kawaida, na bado akawa mnene. Mikono ni myembamba, mashavu hayajajaa, shati linamkaa vizuri isipokuwa kwenye vifungo viwili vya katikati. Habari yote iko kwenye vifungo hivyo.

Mwaka 2004 jarida la Lancet lilichapisha picha ya madaktari wawili waliofanya kazi pamoja, Chittaranjan Yajnik wa Pune, India, na John Yudkin wa London. Kwa ile hesabu ya hospitali, ya uzito kugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, wote wawili walipata 22.3, kipimo kisichomtia daktari wasiwasi. Kisha mafuta yao yakapimwa kwa mashine ya eksirei. Yudkin alikutwa na asilimia 9.1 ya mafuta mwilini, Yajnik asilimia 21.2.

Mafuta ya ziada mwili huyaweka kwanza chini ya ngozi, mapajani na makalioni, mahali ambapo hayaleti madhara makubwa. Kwa watu wenye asili ya Asia ya Kusini ghala hilo ni dogo na hujaa mapema. Kinachozidi huingia ndani: kwenye ini, kuzunguka matumbo, hata kwenye kongosho. Ini lililojaa mafuta haliitii tena insulini, homoni inayoliamuru liache kumimina sukari kwenye damu. Kongosho nalo hutoa insulini zaidi na zaidi, mwaka baada ya mwaka, mpaka linashindwa. Misuli, ambayo ndiyo hupokea sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo, kwa Wahindi wengi ni midogo tangu mwanzo. Ndiyo maana kisukari huwapata mapema kuliko Wazungu, na wakiwa na uzito mdogo kuliko wao. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza mwaka 2004 kwamba kwa Waasia tahadhari ianzie kwenye 23 ya hesabu ile, si 25.

Umbo hilo la misuli kidogo na mafuta mengi huanzia tumboni mwa mama. Yajnik na wenzake walilinganisha watoto wachanga wa vijiji vya karibu na Pune na wale wa Southampton, Uingereza. Wa Pune walikuwa na wastani wa kilo 2.7, wa Southampton 3.5. Upungufu ulikuwa zaidi kwenye misuli na viungo vya tumboni. Mafuta ya chini ya ngozi yalipungua kidogo tu.

Wapo wanaoeleza yote haya kwa njaa za kale zilizochagua miili inayoweka akiba. Labda. Mimi sioni haja ya kurudi nyuma kiasi hicho, kwa sababu duka lenyewe lina maelezo mengi.

Wengi wa wazee waliokuja Uganda walitoka Gujarat, Kathiawar na Kutch, nchi za rotla, mkate mzito wa uwele. Reli ya Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, njia za biashara za Busoga na Bugisu zilifunguka, na wafanyabiashara kama Allidina Visram wakatandaza maduka kila palipokuwa na mnunuzi. Chakula nacho kikabadilika. Unga mweupe wa ngano ukachukua nafasi ya uwele, wali ukawa wa kila siku badala ya sikukuu. Na sukari ikawa jirani: Nanji Kalidas Mehta alianzisha kiwanda Lugazi mwaka 1924, kisha Muljibhai Madhvani akafungua chake Kakira, nje kidogo ya Jinja, mwaka 1930. Kazi ya mikono ikahamia kwa wengine. Mpishi jikoni, mchukuzi mlangoni, tajiri kwenye kiti nyuma ya kaunta, kuanzia asubuhi mpaka magharibi.

Kwenye kiti hicho huletwa chai ya maziwa yenye sukari, pamoja na gathia, chevdo, sambusa, na jalebi mgeni akija. Mlo mkubwa husubiri duka lifungwe, huliwa saa mbili au tatu usiku, na baada yake ni televisheni na kitanda. Kwa wasiokula nyama sahani yenyewe ni chapati, wali na viazi, wanga juu ya wanga, na dengu za majimaji pembeni. Hata siku ya kufunga, ekadasi, nafaka huachwa lakini viazi na sago hukaangwa kwa samli, na mfungaji huweza kula zaidi siku ile kuliko siku ya kawaida.

Kwamba hali haikuwa nzuri ilijulikana mapema. Mwaka 1959 A. G. Shaper na K. W. Jones wa Kampala waliandika katika Lancet kuhusu lehemu katika damu za Waafrika na Waasia wa Uganda. Ugonjwa wa mishipa ya moyo, ambao kwa Waafrika wa wakati ule ulikuwa karibu haupo, kwa Waasia ulikuwa tatizo kubwa. Dar es Salaam, miaka thelathini baadaye, Kaushik Ramaiya na wenzake walipima jamii mbalimbali za Kihindu na kukuta kisukari kingi, lakini kwa viwango vilivyopishana sana kati ya jamii na jamii. Kwa hiyo anayesema “Wahindi” kana kwamba ni mwili mmoja amekosea. Kwa kulinganisha, vijijini Tanzania, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 1989, kisukari kilikuwa chini ya asilimia 1.

Je, kinazuilika? Jibu bora limetoka Chennai, India. Dokta A. Ramachandran na wenzake walichukua watu 531 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, wakawafuatilia kwa karibu miaka mitatu. Walioachwa na ushauri wa kawaida, asilimia 55 walipata kisukari. Waliosaidiwa kubadili chakula na kutembea walikuwa asilimia 39. Mafanikio ni makubwa, ila tusidanganyane: hata katika kundi lililojitahidi, karibu wanne katika kila kumi waliugua. Kusubiri sukari ianze kupanda ni kuchelewa.

Kinachofaa kinapatikana pale pale. Mji wa Mbale, huko Bugisu, uko jirani na Teso, nchi ya wimbi, na unga wa wimbi au mtama ukichanganywa na wa ngano huleta chapati isiyopandisha sukari haraka. Dengu na choroko ziwe nzito, mboga ziliwe kwanza, wali au chapati, si vyote viwili. Kutembea robo saa mara baada ya chakula cha usiku hushusha sukari ya mlo ule ule, na Jinja ina barabara pana zenye miti. Mwenye duka asimame, abebe katoni zake mwenyewe; misuli hujengwa kwa kubeba. Na badala ya mizani atumie utepe wa fundi cherehani: sentimita 90 kiunoni kwa mwanamume, 80 kwa mwanamke, ikizidi hapo akapime damu kabla ya kula asubuhi. Milimoli 7 kwa lita, ikithibitishwa mara ya pili, ni kisukari.

Jambo hili haliishii kwa Wahindi. Katika wilaya za Iganga na Mayuge, mashariki tu ya Jinja, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta asilimia 7.4 ya watu wa miaka 35 hadi 60 wana kisukari, na asilimia 8.6 wako njiani. Chapati ya Mhindi ikiviringishiwa mayai imekuwa rolex, kifungua kinywa cha bodaboda wa Mbale.

Wala haliishii Uganda. Rais Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 za kuondoka, Agosti 1972, halmashauri ya mji wa Leicester, Uingereza, ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasiende huko. Maelfu walikwenda. Leicester leo ni kituo kikubwa cha utafiti wa kisukari, na mwaka 2020 watafiti wake walionyesha kwamba mwanamke aliyepata kisukari cha mimba ana hatari karibu mara kumi ya kupata cha kudumu kuliko asiyekipata. Mjamzito apimwe, basi, na apimwe tena wiki sita hadi kumi na mbili baada ya kujifungua. Kipimo hiki cha pili ndicho hurukwa: mtoto amezaliwa salama, na mama mkwe yuko jikoni anaviringisha ladu za samli za kumrudishia mzazi nguvu.