Seva ya Sebuleni Hujuaje Jina la Filamu?

Mtu anakopi faili moja kwenye folda. Limeandikwa Nairobi Half Life (2012). Hafanyi kingine chochote. Kabla hajaketi, runinga ya sebuleni imeshaonyesha bango la filamu hiyo, jina la mwongozaji David "Tosh" Gitonga, waigizaji na sura zao, muda wa filamu na kitufe cha kuanza kutazama. Hakuna mtu ndani ya nyumba aliyeandika hayo yote. Kompyuta iliyofanya kazi hiyo imejibanza nyuma ya runinga, haina skrini wala kibodi, na feni yake haisikiki.

Hiyo ndiyo seva ya nyumbani: kompyuta inayotunza filamu, tamthilia, muziki na video za familia, kisha kuzipeleka kwenye runinga, simu na laptopu yoyote iliyounganishwa na wai-fai ya nyumba hiyo. Wanaoisifu husifu zaidi uwezo wake wa kurusha video, lakini hilo ni jambo jepesi. Kigumu ni kujua kilichomo ndani ya kila faili, na kukipanga bila kusumbua mtu. Hapo ndipo penye siri, nayo ni ndogo mpaka inachekesha: seva haitazami filamu hata sekunde moja ili kuitambua. Inasoma jina la faili, basi.

Ukoo wa programu zinazoendesha seva hizi ulianzia kwenye mashine ya michezo. Mwaka 2002, vijana waliokuwa wamefungua kufuli za Xbox ya kwanza ya Microsoft waliitengenezea programu ya kuchezesha video. Programu hiyo ikakua ikaitwa XBMC, na mwaka 2014 ikabadilishwa jina kuwa Kodi. Mwanzilishi wa Plex, mojawapo ya programu hizo, Elan Feingold, alianza kwa kuihamishia XBMC kwenye kompyuta za Mac. Emby, programu nyingine ya seva, ilikuja kwa njia tofauti, nayo ilipendwa kwa kuwa msimbo wake ulikuwa wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Desemba 2018 wenye Emby wakaamua kuufunga. Baadhi ya waliokuwa wakiichangia hawakukubali. Walichukua toleo la mwisho lililokuwa wazi, namba 3.5.2, wakajenga juu yake programu mpya iitwayo Jellyfin. Ni ya bure mpaka leo na huendeshwa na watu wanaojitolea. Plex bado ina wapenzi wengi, ila tangu 2025 anayetaka kutazama faili zake mwenyewe akiwa mbali na nyumbani hulipia.

Sasa turudi kwenye lile faili. Seva ikiendeshwa kwa mfumo wa Linux, kiini cha mfumo huo kina kifaa kiitwacho inotify, kilichoingizwa mwaka 2005, ambacho huziarifu programu mara tu folda inapoguswa. Kwa hiyo seva haizunguki usiku kucha ikihesabu mafaili. Inakaa kimya mpaka iambiwe kuna mgeni. Ikiambiwa, hulikatakata jina la faili: inatafuta tarakimu nne zenye sura ya mwaka, hasa zikiwa ndani ya mabano, na maneno yaliyotangulia inayachukua kuwa jina la filamu. Jina na mwaka hutumwa kwenye TMDB, katalogi ya filamu iliyoanzishwa mwaka 2008 na inayojazwa na watu wa kawaida kutoka kila pembe ya dunia. Jibu likirudi, bango na maelezo huhifadhiwa kwenye diski ya nyumbani, na kuanzia hapo filamu hiyo haihitaji tena intaneti.

Mwaka una uzito mkubwa kuliko unavyodhaniwa. King Kong ipo ya 1933, ya 1976 na ya 2005, na anayeandika King Kong peke yake ameiachia seva ipige ramli. Kisha kuna filamu ambazo majina yake yenyewe ni tarakimu. Ipo iitwayo 2012, ambayo ilitoka 2009. Ipo iitwayo 1917, ya mwaka 2019. Blade Runner 2049 ikiandikwa bila mwaka wake halisi, 2017, seva inaweza kudhani imeletewa kazi ambayo haijatengenezwa bado. Kichwa cha 2001: A Space Odyssey cha mwaka 1968 kinabeba matatizo mawili kwa mpigo, kwa sababu Windows haikubali nukta mbili kwenye jina la faili. Dawa ni ileile: mwaka wa kutoka uwekwe mwishoni, ndani ya mabano.

Tamthilia zina kanuni yake. S01E02 ni msimu wa kwanza, sehemu ya pili, na vipande vya ziada huwekwa kwenye msimu namba sifuri. Kanuni ni rahisi, matatizo huletwa na vituo vya televisheni. Mwaka 2002 kituo cha Fox cha Marekani kilirusha tamthilia ya Firefly kwa mpangilio uliovurugika, sehemu ya ufunguzi ikaonyeshwa mwisho kabisa, mwezi Desemba. DVD zilipotoka zikarudisha mpangilio wa watunzi. Mwenye seva mpaka leo hulazimika kuchagua anafuata mpangilio upi. Asipochagua, hadithi itakayobandikwa chini ya picha haitafanana na kinachochezwa.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mtihani mkubwa zaidi ni zile VCD zilizojaa kwenye droo. Ukiingiza VCD kwenye kompyuta utakuta folda iitwayo MPEGAV, na ndani yake faili AVSEQ01.DAT. Harusi ya shangazi Morogoro ni AVSEQ01.DAT. Mahubiri ni AVSEQ01.DAT. Filamu ya mwigizaji Kanumba ni AVSEQ01.DAT. Viwango vya VCD vya mwaka 1993 ndivyo vilivyoamua hivyo, na havikumfikiria mtu atakayekuja kuzikopi zote kwenye folda moja na kukuta kila mpya inataka kuifuta ya zamani. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya mikono: kila diski ikishakopiwa, faili lipewe jina lake hapohapo, kabla diski haijatolewa.

VCD moja hubeba dakika 74 hivi. Kwa filamu ndefu kidogo diski moja haikutosha, na wauzaji wa Bongo Movie waliona hapo biashara: Part 1 na Part 2, kila moja na bei yake, na mara nyingi mkato ukiangukia palepale ambapo mwenye mume anafungua mlango. Jellyfin huweza kuunganisha vipande hivyo. Mafaili mawili yakiwa ndani ya folda moja, na majina yake yakifanana kila herufi isipokuwa mwisho, ambapo moja limeandikwa -part1 na jingine -part2, rafuni itaonekana filamu moja na itachezwa mfululizo. Herufi moja ikikosewa, zitaonekana filamu mbili, na ya pili itaanza katikati ya ugomvi.

Muziki ni habari nyingine, kwa maana wimbo hubeba jina lake tumboni. Mwaka 1996 ulibuniwa utaratibu uitwao ID3 wa kuandika taarifa mwishoni mwa faili la MP3. Nafasi ilikuwa ya kubana mno: baiti 128 kwa jumla, zikiwemo herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, nne za mwaka, na baiti moja ya aina ya muziki. Jina la wanamuziki Remmy Ongala & Orchestre Super Matimila halikutosha. Hesabu herufi, pamoja na nafasi kati ya maneno: zinaisha kamili kwenye neno Super, na Matimila nzima inabaki nje. Ile baiti moja ya aina ya muziki ilielekeza kwenye orodha ya majina 80. Polka ilikuwemo, namba 75. Taarabu haikuwemo. Matoleo ya baadaye ya ID3, kuanzia 1998, yaliondoa mibano hiyo, lakini mafaili yaliyotengenezwa enzi zile bado yanazunguka kwenye flashi za watu, na seva huamini yanachosema. Rafuni Remmy Ongala anakuwa msanii mmoja, Dr. Remmy wa pili, na Remmy Ongala & Orchestre Super wa tatu.

Hapa ndipo mashine inapopewa masikio. Programu ya Chromaprint, iliyoandikwa na Lukáš Lalinský, husikiliza dakika mbili za mwanzo za wimbo, ikapima nguvu za noti kumi na mbili za muziki kadiri muda unavyokwenda, na kutengeneza alama fupi kama ya kidole gumba. Alama hiyo hulinganishwa na zilizohifadhiwa kwenye hazina ya AcoustID, kisha jina sahihi huletwa kutoka MusicBrainz, katalogi iliyoanzishwa na Robert Kaye baada ya katalogi ya awali ya CD, CDDB, kugeuzwa mali ya kampuni ilhali watumiaji ndio walioijaza kwa kujitolea. Wimbo unaweza kuwa umeandikwa "Track 03" na bado ukatambuliwa. Ila rekodi lazima iwe ileile. Bendi nyingine ikiupiga wimbo huohuo ukumbini, alama itakuwa nyingine. Na kama hakuna aliyewahi kuiweka rekodi hiyo kwenye hazina, masikio hayo yote hayasaidii kitu. Chromaprint hiyohiyo ndiyo inayotumika kuruka utangulizi wa tamthilia: kiongezi cha Jellyfin hulinganisha sauti za sehemu za msimu mmoja, na panapojirudia vilevile kila mara panahesabiwa kuwa wimbo wa kufungulia.

Baada ya kupanga, kuna kucheza. Kama runinga inaielewa video ilivyo, seva huisukuma tu kama ilivyo na hata simu ya zamani ingeiweza kazi hiyo. Isipoielewa, FFmpeg, programu iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, huitafsiri video papo hapo kutoka mfumo mmoja wa kubana picha kwenda mwingine, na hapo ndipo kompyuta dhaifu hulemewa. Vinavyolazimisha tafsiri hiyo havitabiriki kirahisi. Faili la VCD ni dogo na picha yake ni hafifu, lakini vivinjari vya siku hizi havichezi MPEG-1, mfumo wa kubana picha unaotumiwa na VCD, kwa hiyo litatafsiriwa. Filamu ya Blu-ray inaweza kuchezeka vizuri mpaka bibi aombe manukuu: manukuu ya Blu-ray ni picha, hayakuandikwa kwa maandishi, na kifaa kisichoyajua huilazimu seva iyachome juu ya kila fremu ya filamu nzima.

Kwa sababu hiyo wanaojua hawakimbilii mashine kubwa. Prosesa nyingi za Intel tangu 2011 zina kitengo maalumu cha kutafsiri video, Quick Sync, na hata ile ndogo ya N100 ya mwaka 2023, yenye kipimo cha wati 6, inacho. Raspberry Pi 5, inayopendwa na wengi kwa udogo wake, haina kitengo cha kubana video. Inafaa pale tu ambapo hakuna tafsiri. Umeme wenyewe ni hesabu ya kidole. Kompyuta ndogo na diski yake zikila wati 15 usiku na mchana, kwa siku 30 ni yuniti 10.8. Kompyuta ya mezani ya zamani, inayokula wati 80, itameza yuniti 57.6, na mita ya LUKU itaanza kulia mapema.

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na nchi jirani. Huduma za filamu za mtandaoni zilikwama. Kwenye nyumba yenye seva, video hutoka kwenye diski ikapita kwenye ruta na kufika kwenye runinga. Haitoki nje ya ukuta wala haili bando. Kinyume chake, kuifikia seva hiyo kutoka safarini ni kazi, kwa kuwa kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, na hakuna mlango wa kubisha. Wengi hutumia njia ya siri ya WireGuard, ambayo seva yenyewe ndiyo huianzisha kutoka ndani.

Zipo programu za kuongeza otomatiki zaidi: Sonarr kwa tamthilia, Radarr kwa filamu. Huyapa mafaili majina kwa kanuni moja na kutafuta nakala bora zaidi. Utamu wake ndio hatari yake. Seva haiulizi faili limetoka wapi, lakini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inauliza.

Diski nazo hufa, na mbili zinazonakiliana ndani ya sanduku moja huungua pamoja. Bango la King Kong litapakuliwa upya. Video ya harusi ya shangazi haipo kwa mwingine yeyote, hivyo ndiyo inayostahili nakala ya pili kwenye diski inayokaa nyumba nyingine.

Na harusi hiyo TMDB haiijui. Kwa kazi za namna hiyo Jellyfin husoma faili dogo la maandishi lenye kimalizio .nfo, linalowekwa kando ya video: jina, tarehe, waliohudhuria. Filamu za hadharani ambazo katalogi haina maelezo yake kwa Kiswahili zina njia fupi zaidi. Akaunti ya TMDB ni ya bure na Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zake. Mtu mmoja akiandika aya moja ya muhtasari wa filamu ya Vuta N'Kuvute, seva zilizowekewa Kiswahili kuwa lugha ya maelezo, iwe Tanga au Muscat, zitaichukua zitakaposasisha rafu zao.