Presha ya Maji na Mashine ya Kuoshea Vyombo Katika Miteremko ya Kilimanjaro

Maji yanayotumika katika nyumba za Moshi huanza safari yake juu, katika ukanda wa msitu wa Kilimanjaro ambako mvua ni nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mlima, kisha hushuka kwa uzito wake yenyewe, ama chini ya ardhi hadi yatokeze katika chemchemi kama Nsere na Shiri, ama ndani ya mabomba yanayoanzia kwenye mito na vijito vya juu. Mserereko huo, yaani maji kushuka bila kusukumwa na pampu, ndio unaopaswa kuchunguzwa kwanza pale mashine ya kuoshea vyombo inapokataa kujaa au inapomwaga maji sakafuni, ingawa mara nyingi bisibisi hufika kwenye mashine kabla mtu yeyote hajapima maji yanayoiingia. Mashine hizo bado si nyingi majumbani, lakini zimezoeleka katika hoteli zinazopokea wapanda mlima, na mashine za kufulia, ambazo zimeenea zaidi, huingiza maji kwa valvu ya aina hiyohiyo.

Presha ya maji, ambayo vitabu vya fizikia huiita kanieneo, ni kani ambayo kwayo maji hugandamiza kila kipande cha eneo yanachokigusa, nayo huongezeka kwa kadiri ya kimo cha maji yaliyo juu ya kipande hicho, kiasi kwamba kila mita 10 za kimo huleta takriban bari 1, kipimo kinachokaribiana na presha ya hewa kwenye usawa wa bahari. Vijiji vya Marangu viko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi na zaidi, ilhali sehemu kubwa ya mji wa Moshi iko kati ya mita 800 na 900. Kwa hiyo bomba moja lisilokatizwa kati ya mahali hapo pawili lingekuwa na presha ya bari 50 au zaidi kwenye mwisho wake wa chini, wakati mabomba mengi ya plastiki ya kusambazia maji hutengenezwa kuhimili bari 10 au 16 tu. Hiyo ndiyo sababu miradi ya mserereko hujengewa njiani matangi ya kupunguza presha, ambamo maji humwagika mahali palipo wazi kwa hewa, presha yake huisha, kisha huanza kushuka upya. Mifongo, yaani mifereji ya Wachaga, ambayo ilikuwa ikimwagilia migomba kabla mmisionari Johannes Rebmann hajafika Kilimanjaro mwaka 1848, haikuhitaji matangi ya namna hiyo kwa kuwa mfereji ulio wazi haukusanyi presha popote, na ukivuja maji yake hunywewa na udongo polepole. Bomba ni jambo jingine kabisa.

Kutokana na mpangilio huo, nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kupata maji ya chanzo kimoja kwa presha zisizolingana hata kidogo. Mchana, koki nyingi zinapofunguliwa kwa pamoja, msuguano wa maji dhidi ya kuta za bomba hula sehemu kubwa ya presha, kwani upotevu huo hukua kwa kasi kuliko mtiririko wenyewe. Saa nane za usiku, watu wakiwa wamelala, mtiririko hukaribia kusimama na presha hupanda hadi kiwango kinachotokana na kimo chote cha maji tangu tangi la juu. Wenye nyumba wengi wamejihami kwa simtanki iliyowekwa juu ya mnara wa zege au wa vyuma, ikajazwa usiku na kutumika mchana, na kwa mahitaji ya jikoni na bafuni mpango huo unafaa sana. Hata hivyo, tangi lililo mita 3 juu ya mashine hutoa presha ya bari 0.3 tu, ilhali viwanda vingi huandika katika vijitabu vyao kwamba mashine ya kuoshea vyombo inahitaji kati ya bari 0.5 na bari 10.

Madhara ya upungufu huo yanaeleweka vizuri valvu ya kuingizia maji inapofunguliwa na kutazamwa kwa karibu. Ndani ya kikopo chake cha plastiki mna kiwambo, yaani kipande cha mpira cha mviringo, chenye tundu katikati na kijitundu chembamba sana pembeni. Juu ya tundu la katikati hukaa kijiti cha chuma kinachosukumwa na springi, nacho kimezungukwa na koili ya waya wa shaba. Umeme unapopita kwenye koili, sumaku inayozaliwa humo huinua kijiti, maji yaliyokuwa juu ya kiwambo hutoroka kupitia tundu la katikati, na maji ya chini hukisukuma kiwambo juu na kuingia ndani ya mashine. Umeme unapokatika, kijiti huziba tundu la katikati, maji hupenya taratibu kupitia kijitundu cha pembeni na kujaa juu ya kiwambo, kisha presha yake hukikandamiza hadi njia ifunge. Umeme, kwa maneno mengine, hutoa ishara tu. Kazi ya kufungua na kufunga hufanywa na presha ya maji yenyewe.

Kwa hiyo maji ya bari 0.3 yanaweza kushindwa kukiinua kiwambo sawasawa, mashine ikajaa polepole mno hadi kompyuta yake ndogo, inayohesabu dakika, ikasimamisha kazi na kuonyesha alama ya hitilafu. Na maji hayohayo yanaweza kushindwa kukikandamiza kiwambo, yakachuruzika usiku kucha ndani ya mashine iliyozimwa. Kujaa kwa shida na kuvuja, ambavyo huonekana kuwa magonjwa mawili yanayopingana, hapo vina chanzo kimoja, na kununua valvu mpya ya aina ileile hakutaponya chochote. Ni hasara inayosikitisha, kwani kipimo cha awali hakigharimu kitu: koki ya mashine hufungwa, mpira wa kuingizia maji hufunguliwa, kisha ndoo ya lita 10 huwekwa chini ya koki hiyo na kujazwa. Ikijaa ndani ya dakika moja hivi, mtiririko unatosha kwa mashine nyingi. Ikichukua dakika tatu au nne, tatizo liko nje ya mashine.

Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, maji ya vijito huja na tope na mchanga laini unaonaswa kwenye kichujio kidogo kilicho mahali mpira unapoungana na valvu. Kichujio hicho huchomolewa kwa koleo baada ya kufunga koki na kuchomoa plagi, kikasuguliwa kwa mswaki wa zamani na kurudishwa. Wapo wanaokitupa ili maji yapite haraka, na hilo ni kosa kubwa, kwa sababu punje moja ya mchanga ikiziba kijitundu cha pembeni cha kiwambo, valvu haitafunga tena.

Mashine nyingi za kisasa zina pia trei chini ya umbo lake, na ndani ya trei hiyo boya dogo linaloelea maji yanapokusanyika, likabonyeza swichi inayozuia maji kuingia na kuiamuru pampu itoe maji. Mashine inayokataa kujaa huku pampu yake ikinguruma bila kukoma kwa kawaida inavuja ndani kwa ndani, pengine kwenye klipu ya mpira iliyolegea au kwenye sili ya pampu. Trei ikikaushwa bila kuziba mvujo huo, mashine itafanya kazi siku chache tu. Maji yanayotoka mlangoni husababishwa zaidi na mpira wa mlango uliokakamaa au kushika mafuta, na pengine na sabuni ya kawaida ya kuoshea kwa mkono, ambayo povu lake hupanda hadi kupenya kingo. Mpira wa kutolea maji nao ukilazwa sakafuni kuelekea kwenye chemba, badala ya kuinuliwa angalau sentimita 40 hivi, maji hufyonzwa nje kadiri yanavyoingia, na mashine huonekana kama isiyojaa.

Kwa nyumba inayotegemea tangi lisiloinuliwa vya kutosha, pampu ndogo ya kuongeza presha, inayojiwasha mtiririko unapoanza, ndiyo dawa. Kwa nyumba iliyo chini sana kwenye mstari wa mserereko tatizo huwa kinyume, kwani valvu inapofunga ghafla maji yaliyokuwa yakienda kasi hugonga kuta za bomba kwa kishindo kinachosikika nyumba nzima, na maungio hulegea kidogo kidogo hadi yaanze kutoa matone. Hapo hufungwa kidhibiti cha presha baada tu ya mita, kabla bomba halijagawanyika, kikarekebishwa hadi bari 3 hivi, na kikishawekwa huzilinda pia hita ya maji, tangi la choo na mashine ya kufulia.